Mtandao Hauna Shikamoo

Safari iliyomleta yule mkuu wetu mjini Garsen, kando ya mto Tana, ilianza Nairobi kwa lori na ikaishia ndani ya mtumbwi. Mimi niliidaka Malindi, ambako mradi wa kompyuta za zahanati ulikuwa unatafuta mtu mwenye cheti cha kidato cha nne na mgongo usiolalamika. Mvua za El Nino zilikuwa zimeila barabara. Tulisubiri askari wa kusindikiza msafara, tukasubiri maji yapungue, tukasubiri askari tena. Lori lilikwama matopeni mahali pasipo na jina, na kutoka hapo kwenda mbele yalikuwa maji matupu, hujui mto uko wapi na malisho yako wapi. Vyuma vya mlingoti tulivifunga ubavuni mwa mtumbwi. Kompyuta zilizovikwa nailoni zikakaa katikati. Yeye akakaa juu ya sanduku la modemu, kama kuku anayeatamia.

Mwenye mtumbwi, Mpokomo wa makamo, alimsalimu. Hujambo, bwana. Habari za safari. Habari za huko mlikotoka.

Yeye akatazama saa yake. "Tutafika saa ngapi?"

Mwenye mtumbwi akaacha kupiga kafi. Akaniinamia mimi na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu amefiwa?"

"Hapana."

"Basi ana nini?"

Huko mtoni, nilikuja kujifunza, anayeanza maneno bila salamu ni mtu mmoja tu: aliyebeba habari ya msiba. Wengine wote husalimiana kwanza, mpaka salamu ziishe zenyewe.

Jina lake nalijua, la kwanza na la baba. Sitalitaja, na si kwa kumsitiri. Muda wote aliokaa nasi hakumwita mtu jina. Alituita kwa vituo vyetu: Kipini, Kau, Kilelengwani. Mimi nilikuwa Garsen. "Garsen, lete bisibisi." "Garsen, mbona unakula saa hizi?" Basi na yeye atabaki na cheo chake, Fundi Mkuu, mpaka mwisho wa maandishi haya. Tangu wakati huo nimehama miji mingi, na kila nikihama husahau watu wa mji wa nyuma. Harufu ya matope ya Tana sijaisahau. Yeye pia sijamsahau, na sina mpango wa kumsamehe.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Zahanati tatu za huko chini, Kipini, Kau na Kilelengwani, kila moja ilipewa kompyuta, paneli ya sola na betri, ili karani aandike dawa zinazoingia na zinazotoka, na Garsen ijue nani ameishiwa na nini. Programu ya dawa ilikuwa na makosa mengi. Kila kosa liliporekebishwa Nairobi, programu mpya ilibidi ifike kwenye kila kompyuta. Mwanzoni ilipelekwa kwa disketi. Disketi iliondoka Garsen ikiwa nzima, ikapanda mtumbwi, ikalala kwenye mfuko wa shati la mtu anayetoka jasho, na ikifika Kau imeota ukungu. Tena mwaka elfu mbili ulikuwa unakaribia, na programu ile ilijua kusoma miaka kwa tarakimu mbili tu. Isipobadilishwa, dawa mpya kabisa zingehesabiwa kuwa zimeharibika kabla babu zetu hawajazaliwa.

Fundi Mkuu aliletwa kukomesha disketi. Alisimamisha mlingoti mrefu Garsen, karibu na mahali ambapo Mzee Dadho, Muorma mwenye ng'ombe wengi na maneno yasiyoisha, alipitisha mifugo yake kwenda majini. Mifupi ya zahanati akanituma mimi kuisimamisha. Akaunganisha redio na kile kisanduku cha modemu, ambacho hugeuza faili kuwa mlio. Saa nne asubuhi Garsen ingelia, vituo vingesikiliza, na programu mpya ingeingia kipande kwa kipande, bila mtumbwi wala mfuko wa shati. Lakini redio ilikuwa ileile ya kuzungumzia. Mtu akibonyeza maiki wakati faili inapita, faili inakatika.

Sitasema hakuijua kazi. Aliijua, na inaniuma kuandika hivyo. Alipanda mlingoti mwenyewe, na viatu vyake vya ngozi, akashuka bila doa. Alisikia kosa kwa sikio: mlio ukibadilika kidogo tu, alisema betri ya Kau imechoka, na kweli ilikuwa imechoka. Modemu aliipangusa kila asubuhi kwa leso yake mwenyewe, nyeupe, halafu akaikunja na kuirudisha mfukoni. Aliongea nayo. "Umelalaje, mama?" alikuwa akikiambia kile kisanduku. Nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini mlinzi wa lango alipitwa naye kila asubuhi kama nguzo.

Na alikuwa na wema, ule wa kukuudhi kwa sababu hujui uuweke wapi. Malaria iliponilaza, alikuja chumbani kwangu jioni baada ya jioni na dawa na chungwa lililomenywa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanisomea kitabu cha maelekezo ya redio. Hakuuliza naendeleaje. Alisoma, akafunga kitabu, akaondoka. Nilipopona nilikuwa najua mambo ya mawimbi ambayo mpaka leo ndiyo yanayonilisha. Neti yake ya mbu alimpa mke wa mlinzi aliyejifungua. Aliitupa mlangoni mwao akaenda zake, bila hodi. Yule mama alikaa nayo siku mbili bila kuitundika, akidhani ni ya mtu aliyekufa.

Alipenda kusema kwa mafumbo yake mwenyewe. "Chuma hakina ndugu." "Waya hauna kabila." Na lile kubwa, alilolisema kila alipotukuta tukizungumza hewani: "Mtandao hauna shikamoo."

Maana sisi tulikuwa tunasalimiana. Kabla ya mlio wa saa nne, makarani wa vituo walifungua redio mapema, kila mmoja akimaliza maneno yake kwa "ova" ili mwenzake ashike zamu. Athmani wa Kipini ndiye aliyekuwa akianza, mtu wa mji mkongwe, Kiswahili chake kitamu kama halua, njia akiita ndia na nchi nti.

"Garsen, Garsen, hapa Kipini. Mwaamkaje huko nti kavu? Ova."

"Salama, Athmani. Nyie je? Ova."

"Sisi twashukuru. Samaki wapo, ndia ndiyo hapana. Hebu mwulize Kilelengwani kama ule mpunga wanaula peke yao. Ova."

Na Kilelengwani alikuwa anaingia. Huyo ndiye Mama Komora, karani wa zahanati, mjane, na mshahara ule ndio uliowaweka wanawe shuleni. Nilipokwenda kwake kusimamisha mlingoti alinipikia samaki na wali, akanikataza kulala zahanati. "Utalala na harufu ya dawa kama maiti?" Akanipa chumba cha mwanawe. Hewani alikuwa na ulimi. "Kipini, mpunga wetu haupandi mashua. Ukitaka, njoo na jembe. Ova."

Fundi Mkuu aliingia akatukuta tukicheka. Akanichomoa maiki mkononi. "Vituo vyote. Kuanzia leo hakuna salamu. Redio inafunguliwa saa nne kamili, mashine inalia, mashine inanyamaza, redio inafungwa. Mwisho."

Halafu Athmani, taratibu: "Garsen, ni nani aliyefariki? Ova."

Aliizima redio. Nilimweleza, siku ile ile, maana ya swali lile. Nilimweleza habari ya mwenye mtumbwi. Nikamwambia, Mkuu, hata neno moja tu, watu wajue kuna amani, ndipo mashine ilie. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kumpigia ng'ombe saluti. "Garsen," akasema, "mtandao hauna shikamoo."

Lakini kulikuwa na sheria nyingine, na hii alitufundisha mwenyewe, kwa makini, tena na tena. Programu mpya ikishafika kituoni, mashine ya kituo huhesabu vipande, na ikivikuta vyote hujibu kwamba imekamilisha. Ndipo Garsen inatuma agizo la kufuta programu ya zamani. Si kabla. "Usimwondoe mlinzi wa zamani," alikuwa akisema, "kabla yule mpya hajashika rungu." Alinifanya niikariri. Ndiyo maana najua hakukosea kwa kutojua.

Wageni walikuja kutoka Nairobi, pamoja na wafadhili wawili waliokuwa wakijipepea kwa kofia. Siku ile programu ya mwaka elfu mbili ilikuwa inatumwa kwenye vituo vyote kwa wakati mmoja, nao walitaka kuona. Fundi Mkuu alivaa tai. Wiki ile ile dada yake Mama Komora alikuwa amelazwa hospitali ya Garsen, uzazi ukimsumbua, na habari zake zilikuwa zikipita kwa redio, kwa mdomo wangu, kila asubuhi mpaka lile katazo lilipozikata.

Saa nne ikafika. Redio ikafunguliwa bila neno, mlio ukaanza. Wageni wakatabasamu. Katikati ya mlio, sauti ya Mama Komora ikapasua chumba.

"Garsen, ni dada yangu? Amefariki? Niambie tu. Ova."

Mlio ukakatika. Fundi Mkuu akakunja uso, akaanzisha upya. Kipini ikajibu kuwa imekamilisha. Kau ikajibu. Kilelengwani, iliyokatwa katikati, haikujibu. Mgeni mmoja akauliza, "Bado kimoja?" Nikamwona Fundi Mkuu akitazama saa, kama siku ile mtoni. Mkono wake ukaenda kwenye kibodi.

"Mkuu," nikasema, "Kilelengwani haijajibu."

"Itajibu."

Akatuma agizo la kufuta, vituo vyote. Wageni wakapiga makofi. Huko Kilelengwani programu ya zamani ikafutwa, na mpya ilikuwa nusu. Mashine ya Mama Komora ikafa pale pale, huku dada yake, mzima wa afya, akinyonyesha mtoto wa kiume umbali wa mita mia chache kutoka tulipokaa.

Nilikwenda na mtumbwi na disketi. Mashine niliifufua mchana mmoja tu. Lakini wageni walikuwa wamesikia sauti ya Mama Komora, na agizo la kufuta hawakulielewa. Walipouliza kwa nini kituo kimoja kimeanguka, Fundi Mkuu aliwaambia kwamba karani wa Kilelengwani anapinga mtandao, amegoma kufuata amri, amevuruga kazi makusudi. Nilisema nilichokiona. Nikaambiwa mimi ni kibarua wa mlingoti. Mama Komora akaachishwa kazi, na neno lile, mgomaji, likamtangulia kwenye kila mradi ulioingia delta. Hakuna aliyemwajiri tena. Wanawe wakarudi shambani. Fundi Mkuu akapandishwa cheo.

"Unataka nini?" nilimuuliza Mama Komora. Tulikuwa tumekaa uani kwake, anapepeta mpunga. Mimi nilikuwa na mawazo mengi, na hakuna hata moja la kuandikwa hapa.

"Simtaki magotini," akasema. "Nataka aseme hewani. Walinisikia mimi nikipiga kelele, wote, mpaka Nairobi. Na yeye asikiwe. Aseme agizo lilitoka mkononi mwake."

"Na akikataa?"

Akarusha mpunga, akaupokea. "Kwanza aulizwe kistaarabu. Sisi si watu wa kuanza bila salamu."

Ndipo wazo likaja. Tuliligawa baina yetu, yeye, Athmani na mimi, na Mzee Dadho alipolisikia alicheka mpaka akaegemea fimbo.

Siku ya Fundi Mkuu kuondoka, basi la Malindi lilisimama stejini pamoja na magari mengine, yakisubiri gari la askari. Msafara haukuwa na subira: askari wakiondoka, wote wanaondoka, aliyebaki amebaki mpaka kesho. Sanduku lake nililibeba mimi. Nilitembea polepole.

Mzee Dadho ndiye aliyemfikia wa kwanza. Akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Mikono ya mzee hufunga vizuri. Imevuta ndama wengi.

"Salama?"

"Salama. Nina haraka."

"Haraka ni salama?"

"Salama."

"Nyumbani salama? Mama salama? Watoto?"

"Wote salama, mzee, niache—"

"Ng'ombe?"

"Sina ng'ombe."

Mzee Dadho akarudi nyuma nusu hatua, bila kuachia mkono. "Hata moja?"

"Hata mmoja."

"Pole. Pole sana. Kaliisha na ukame ama kaliibiwa?" Akawageukia wenzake. "Huyu mtu hapana ng'ombe." Wakaja wote, wazee wa Kiorma na fimbo zao, kumpa pole, mmoja mmoja, kila mmoja akianza na salama, akipita nyumbani, mama, watoto, mvua, majani. Nyuma yao walisimama watu wa Kau. Nyuma ya hao, Athmani, kikoi kipya, aliyesafiri tangu jana.

"Mkuu! Ni mimi, Kipini. Hatujaonana uso kwa uso. Kwani ndiyo hunenda bila kuagana? Haya, nipe habari, na usizikate."

Gari la askari likapiga honi. Injini zikawaka. Fundi Mkuu aliuvuta mkono, na kila alipoupata ukashikwa na mwingine, kwa adabu, kwa tabasamu, na hakuna aliyemzuia hata kidogo ila kwa salamu. Msafara ukaondoka. Vumbi likatufunika sote.

Wa mwisho alikuwa Mama Komora. Alimsalimu salamu zote, hakuruka hata moja. Kisha akasema, "Umebaki, mwanangu. Saa sita Nairobi wanasikiliza. Mlingoti ni ule pale. Waambie agizo la kufuta lilitoka kwa nani, halafu kesho nenda kwa amani. Sitaki kingine."

Fundi Mkuu alijua wote walikuwa wakimtazama. Alipanda ngazi za ofisi, nasi nyuma yake. Saa sita ikafika. Akashika maiki. Vituo vyote vilikuwa wazi. Nilisikia pumzi za watu kwenye spika. Mama Komora alisimama karibu naye, mikono kifuani.

"Nairobi, hapa Garsen," alisema Fundi Mkuu. "Nimeachwa na msafara. Nitafika siku inayofuata. Mwisho."

Akaweka maiki chini. Akatoa leso, akaipangusa modemu, akaikunja.

Mama Komora alishuka ngazi akishika ukuta. Sijawahi kuona mtu akishuka vile. Mpaka leo, katika kila mji niliolala, nikikosa usingizi humwona akishuka.

Asubuhi iliyofuata steji ilijaa watu walewale. Hakuna aliyenyoosha mkono. Njia ilifunguka mbele yake, pana, na ng'ombe wa Mzee Dadho ndio pekee waliotoa sauti. Mimi nilikuwa na sanduku, na safari hii nilitembea kwa kasi. Alifika mlangoni mwa basi, akakanyaga ngazi, akasita. Nadhani alikuwa anangoja. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu tushuke naye kwenye ule mtumbwi, akaanza yeye.

"Hamjambo," alisema.

Huko mtoni salamu haiachwi ikaanguka chini. Hata adui hujibiwa, ndipo ugomvi uendelee. Mzee Dadho aliwatazama ng'ombe wake. Athmani alifungua kikoi akakifunga upya. Mama Komora alimtazama machoni, mdomo umefungwa.

Fundi Mkuu akanigeukia mimi, niliyesomewa kitabu kitandani. "Garsen," akasema.

"Mtandao hauna shikamoo, Mkuu," nikamjibu, nikampandishia sanduku lake.

Aliingia, akakaa dirishani, akatazama mbele. Basi likaondoka nyuma ya askari. Vumbi lilikuwa bado halijatua Mama Komora aliponigeukia, akanishika mkono.

"Haya, mwanangu," alisema. "Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mama. Nyumbani je?"

Tukaanza mwanzo, nyumba kwa nyumba, mtoto kwa mtoto, na hatukuwa na haraka yoyote.